Nani alisoma nini Mlimani, na nani alitoka wapi

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna wawili wameniuliza pale kafteria kama nimedisko. Sijadisko, bado nipo. Ni testi tu zilifuatana kama daladala za Mwenge asubuhi, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki.

Kilichonirudisha ni simu. Jumapili iliyopita mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Tukuyu kwa simu ya baba mdogo. Yuko kidato cha sita, kombi ya PCM, mwezi wa tano anafanya mtihani wa mwisho. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka haraka, akaingia kwenye hoja. "Kaka, baba anasema nikajaze ualimu wa hesabu na fizikia, eti mkopo wake hauna wasiwasi. Baba mdogo anasema nikijaza ualimu tusijuane. Mimi nataka uhandisi wa ujenzi. Wewe uko hapo chuo, niambie."

Sasa nimwambie nini? Mimi mwenyewe nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, mwaka wa tatu, na sijui mwakani saa kama hizi nitakuwa nimesimama mbele ya darasa au nimekaa nyumbani na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Nikamwomba anipe wiki moja. Wiki hiyo nimeimalizia maktaba, hasa kule East Africana, nikisoma habari za zamani za chuo chetu: nani alikuja, kusoma nini, na aliyetoka nchi nyingine alifuata nini huku. Naleta hapa nilichokipata, maana naona si swali la mdogo wangu peke yake. Wengi wa bweni letu ukiwauliza kwa nini wanasoma wanachosoma, wanacheka kwanza ndipo wanajibu.

Haya. Chuo chetu hakikuanzia Mlimani. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi hawakufika hata 15. Ni wachache kuliko foleni ya kutoa kopi pale kwa mama wa stesheneri siku ya kukusanya kazi. Na wote walikuwa wanasoma kitu kimoja tu: sheria.

Kwa nini sheria? Hapo nilikaa sana. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba nchi aliyoipokea mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Mtu ungetegemea chuo cha kwanza kianze na hao. Lakini Makerere ilikuwepo tangu 1922, na udaktari, kilimo na ualimu vilikuwa huko. Uhandisi na udaktari wa mifugo vilikuwa Nairobi. Kilichokosekana Afrika Mashariki nzima ni sheria, na si kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumfundisha Mwafrika sheria, maana mwanasheria ndiye angekuja kuisoma mikataba yake na kuipinga mahakamani. Aliyeitaka fani hiyo ilibidi avuke bahari. Kwa hiyo Dar ikachukua kile ambacho wenzake hawakuwa nacho, na nchi changa ikapata watu wa kuandika sheria zake.

Juni 1963 vyuo vitatu vikaungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mwaka uliofuata Dar ikahamia huku kilimani tuliko sasa. Mpango ulikuwa wa kugawana: sheria Dar, uhandisi Nairobi, udaktari na kilimo Makerere, ili nchi tatu maskini zisijenge kila moja maabara ile ile. Kijana wa Moshi aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi. Mkenya au Mganda aliyetaka kuwa mwanasheria alikuja Dar. Ndiyo maana ukiniuliza wanafunzi wa kigeni walikuwa wangapi miaka ile, swali lenyewe linateleza. Mgeni ni nani? Mkenya aliyekuwa anasoma sheria hapa alikuwa kwenye chuo chake mwenyewe, kwa karatasi na kwa ada. Jaji Warioba alipata shahada yake ya sheria hapa mwaka 1966. Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alimaliza hapa hapa mwaka 1971.

Mpango ule ulikuwa mzuri na haukudumu. Kila nchi ilitaka daktari wake, mhandisi wake na bendera yake juu ya lango la chuo. Dar iliongeza sanaa na sayansi za jamii mwaka 1964, sayansi 1965, udaktari 1968, kisha kilimo kule Morogoro 1969. Makerere na Nairobi nao wakaanzisha sheria zao. Tarehe 1 Julai 1970 ndoa ikavunjika rasmi, vikawa vyuo vikuu vitatu vya taifa. Uhandisi ulifika Dar mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, na kuanzia hapo Mtanzania hakuwa na sababu ya kwenda Nairobi kusoma madaraja. Kwa maoni yangu hapo tulipata na tukapoteza. Tulipata fani zote mlango mmoja. Tukapoteza ile hali ya kwamba mwenzako wa chumbani ni mtu wa Kisumu au Mbarara na hakuna anayeshangaa.

Lakini wageni hawakuacha kuja, na hapa ndipo nilipenda zaidi. Waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakufuata fani hasa. Walifuata mji. FRELIMO ilianzishwa Dar mwaka 1962, Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na ofisi hapa, na kila chama cha ukombozi kusini mwa Afrika kilikuwa na chumba na mashine ya kuchapia mahali fulani mjini. Yoweri Museveni aliichagua Dar kwa makusudi, akafika 1967 kusoma sayansi ya siasa na uchumi, akawa mwenyekiti wa kundi la wanafunzi wanamapinduzi lililoitwa USARF. Alikwenda na wenzake hadi maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji, na tasnifu yake ikahusu mawazo ya Fanon juu ya vurugu na ukombozi. John Garang yeye alikuwa tayari na shahada kutoka Grinnell, Marekani, aliyoipata mwaka 1969, akaja hapa kusoma uchumi wa kilimo wa Afrika Mashariki. Watu wawili, mmoja akaja kuwa rais wa Uganda, mwingine akaongoza vita ya Sudan Kusini, na wote wamepita kwenye njia hizi tunazopita tukikimbilia Yombo. Museveni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu, akisubiri matokeo kama mimi.

Walimu nao ni hivyo hivyo. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapa mwaka 1966 hadi 1967, akarudi 1969 akakaa mpaka 1974, na kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe duni kilitoka 1972, Tanzania Publishing House ikiwa mmoja wa wachapishaji. Mahmood Mamdani alifundisha hapa miaka ya 1970. Ernest Wamba dia Wamba wa Kongo alifundisha idara yetu ya Historia kuanzia miaka ya 1980 kabla ya kwenda kuongoza waasi wa RCD mwaka 1998. Hili la mwisho nilipowaambia wenzangu wa semina walidhani natania.

Na kuna wageni ambao hawakusoma Mlimani kabisa ila lazima niwataje. Baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, vijana wa Afrika Kusini walitoroka nchi yao kwa wingi, na ANC ikawajengea shule Mazimbu, Morogoro, iliyofunguliwa 1978 na kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992, walipoanza kurudi kwao, majengo yale yakakabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Leo rafiki zangu wa SUA wanasoma kwenye madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya wakimbizi, na wengi hawajui.

Sasa turudi kwa wenyeji na kwa suala la nani alichagua nini. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi mwanafunzi hakuchagua. Kuanzia 1964 serikali ilifuta ada kwa Mtanzania aliyepata nafasi, na kwa upande wake mwanafunzi aliweka sahihi kwamba atalitumikia taifa miaka mitano. Wizara ya mipango ilikuwa imepanga kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu, hivyo ilihesabu: walimu wangapi, wahandisi wangapi, mabwana shamba wangapi. Fani iliyokuwa na upungufu ndiyo iliyofunguliwa nafasi nyingi. Ulikuwa unasoma ukijua kiti chako cha kazi kiko wapi kabla hujamaliza. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyesoma enzi hizo aliniambia barua ya kupangiwa kazi ilimkuta bado yuko bwenini. Aliisema kama jambo la kawaida kabisa, akaendelea kunywa chai yake. Mimi nilikaa nimemkodolea macho.

Lakini kulipiwa kulikuwa na gharama yake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo kwa miezi 18 lingewaacha na asilimia 40 tu ya mshahara. Walibeba hata bango lililosema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu alikasirika, akawafukuza zaidi ya 300 siku ile ile, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Chuo kilibaki kama shule siku ya likizo. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, lakini walirudi kwenye nchi nyingine, kwa sababu Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa Februari 1967. Kozi ya DS, ambayo sote tunaisoma na wengi tunaibebea sapu, mizizi yake iko kwenye mjadala wa miaka hiyo hiyo wa kwamba msomi asijione yuko juu ya mkulima anayemlipia. Kila nikifungua daftari la DS sasa naona lile bango.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kwa wale ambao hawajalisikia: ilikuwa huwezi kutoka kidato cha sita ukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza uende JKT mwaka mmoja, halafu ufanye kazi angalau miaka miwili, halafu mwajiri wako na tawi la TANU waseme wewe ni mtu wa kufaa. Nia ilieleweka. Walitaka watu waliokomaa, wanaojua kazi, sio watoto wa kukariri. Na kuna mazuri yalitokea, watu wazima waliokuwa wameshapoteza tumaini la kusoma walipata njia.

Ila angalieni takwimu zilivyowajibu. Wasichana walioingia chuoni walipungua ghafla. Haikuwa siri kwa nini: binti wa miaka 20 akishaondoka shule na kukaa miaka mitatu nje, ndoa na watoto havisubiri pendekezo la mwajiri. Na yule mwajiri na yule katibu wa tawi, ambao sahihi zao zilihitajika, wengi walikuwa wanaume, sitaki kusema zaidi. Fani za sayansi na uhandisi nazo zikakosa watu wa kujaza viti. Mwaka 1976 wasichana wakaondolewa kwenye sharti hilo, fani zenye uhaba nazo zikalegezewa, na katika miaka ya 1980 mpango wote ukafifia.

Nilipofika hapo nikamfikiria mdogo wangu. Angekuwa amezaliwa 1956 badala ya miaka hii, PCM yake ingemfikisha kwenye ofisi ya kata akipiga chapa barua za watu, akisubiri sahihi.

Na kuingia chuoni pekee hakukutosha. Wakubwa wetu wanaikumbuka Punch, kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililobandika ukutani maneno na michoro ya kuwadhalilisha watu, hasa wasichana. Mwaka 1990 msichana wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa. Sitaandika jina lake hapa. Tunapohesabu asilimia ya wasichana kwenye fani fulani tunahesabu waliofika, hatuhesabu waliofika wakaogopa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chuo kilianza mafunzo maalum ya kuwaandaa wasichana wa sayansi waliokosa alama kidogo, na baadaye uhandisi nao ukafuata. Kuna watu hubeza mpango huo mpaka leo, wanasema ni upendeleo. Mimi nadhani hawajasoma habari za 1976.

Miaka ya 1980 na 1990 naipita haraka kwa sababu ni habari ya umaskini tu. Nchi ilikuwa hoi, chuo kikapauka. Sokoine ilijitenga 1984 ikachukua kilimo, Muhimbili ikawa chuo kishiriki 1991. Wakati Kenya na Uganda wanaongeza wanafunzi, sisi tulikuwa miongoni mwa nchi zenye vijana wachache zaidi duniani katika elimu ya juu, chini ya asilimia 1 ya wenye umri huo. Mwaka wa masomo wa 1992/93 ukaanza uchangiaji, kunji zikafuatana. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992 na kuanza kudahili 1994. Sheria ikabadilishwa 1995, vyuo binafsi vikafunguliwa: Kairuki na Tumaini 1997, Mtakatifu Augustino kule Mwanza 1998. Hapa kuna jambo dogo lakini la maana. Ukitoa vile vichache vilivyoanza na udaktari, vyuo vingi vipya vilikimbilia fani za chaki na ubao: sheria, biashara, ualimu wa sanaa. Maabara ya kemia inakula pesa. Ukumbi wa viti 400 na mwalimu mmoja mwenye maiki unaingiza pesa. Hivyo idadi ya wanafunzi nchini ilipopanda, ilipanda upande mmoja.

Halafu tukafika kwenye ualimu wenyewe, na hapa naomba mnisikilize, maana ndipo nilipo mimi na wengi wenu.

Kuanzia 2004 serikali ilijenga shule za kata nchi nzima. Ndani ya miaka michache kila kata ikawa na sekondari au jengo linaloitwa hivyo. Walimu hawakuwepo. Ndipo mwaka 2005 vikaanzishwa Mkwawa na DUCE kama vyuo vishiriki vyetu vya ualimu, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005 kwa sheria ya mwaka 2004, na UDOM ikafunguliwa 2007 ikiwa na kitivo kikubwa cha elimu. Mkopo ulimpendelea aliyechagua ualimu. Ni mpango ule ule wa 1964, ila badala ya kupewa bure unakopeshwa. Vijana wakaelewa haraka sana. Baba mdogo ni mmoja wao: aliingia Mkwawa 2006, akatoka 2009, akapangiwa shule ya kata Rungwe kabla vumbi la gauni halijatoka. Alijenga, alioa, akamsomesha mdogo wangu. Kijijini kwetu ikawa ukisema mtoto yuko chuo kikuu watu wanauliza "ualimu?" kama vile hakuna kingine.

Kisima kikajaa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Mei ya mwaka huo huo zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi walitakiwa kuondoka UDOM. Tulikuwa watoto, lakini nakumbuka picha za mabegi. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Ajira za walimu zikarudi kwa matone, na mwishoni mwa 2024 tukaambiwa waombaji wa nafasi za ualimu ni zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000, na kwamba sasa kutakuwa na usaili. Mtu amesoma miaka minne nyuma, amesahau hata jina la nadharia aliyoiandikia, anarudi kukaa kwenye dawati na kalamu ya kuazima. Baba mdogo alisimamia chumba kimoja cha usaili. Alisema alimwona mle ndani kijana aliyemfundisha kidato cha nne, naye ana mvi.

Kuna kejeli nyingine hapo. Hesabu na fizikia, masomo ya mdogo wangu, bado yana upungufu wa walimu kwelikweli mashuleni. Kwa hiyo baba hajakosea kabisa. Aliyekosea ni mimi, Historia na Kiswahili.

Sasa ughaibuni. Huko nako watu hawakufuata fani tu, walifuata mlipaji. Mwalimu mwenyewe alikwenda Edinburgh 1949 akarudi 1952. Miaka ya 1960 Moscow ilifungua chuo cha Patrice Lumumba na kuita vijana wa Afrika kwa tiketi na posho, huku Marekani na Uingereza nao wakitoa ufadhili wao. Uingereza ilipoamua kuwatoza wanafunzi wa nje gharama kamili kuanzia mwaka wa masomo 1980/81, mlango huo ukawa mwembamba kwa watoto wa kina sisi. India ikachukua nafasi kwa kompyuta na biashara, na Kampala ikachukua wale waliotaka kupanda basi tu. Kisha China. Mwaka 2018 Waafrika waliokuwa wanasoma China walizidi 80,000, na Novemba mwaka huo huo hapa kwetu ilizinduliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wao, ya watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ndimo ninamoandika sasa hivi. Kiyoyozi ni kikali, njooni na sweta.

Binamu yangu alikuwa mmoja wa hao 80,000 na kitu. Alikuwa anasoma udaktari. Alirudi likizo Januari 2020, mpaka ukafungwa Machi, na China haikufungulia wanafunzi wa nje hadi Agosti 2022. Miaka miwili na nusu alisoma kukata watu kwa simu, akiwa Sinza, kwa bando la usiku. Wenzake waliokuwa Ukraine walipitia mengine mwaka 2022, wengine walitoka Sumy mabomu yakilia. Ukisoma takwimu za wanafunzi wa kimataifa huoni hayo, unaona mstari umeshuka kidogo.

Na wageni wetu wa leo? Wapo, wachache. Wengi nilioonana nao wanafuata lugha. Taasisi yetu ya Kiswahili iliyoanza 1964, ikaitwa TUKI, na tangu 2009 ni TATAKI, ndiyo inayowaleta Wakorea, Wachina, Wamarekani na Wajerumani. Nchini Korea Kusini kuna chuo, Hankuk, chenye idara inayofundisha Kiswahili, na dada mmoja kutoka huko alikaa nami kwenye kipindi cha isimu muhula uliopita. Alinisahihisha ngeli mbele ya darasa zima. Mimi wa Tukuyu nikanyamaza. Nilimuuliza baadaye kwa nini Kiswahili, akasema kwao aliambiwa lugha isiyosomwa na watu wengi ina ajira. Nikacheka peke yangu njia nzima mpaka Mabibo. Kumbe hata Seoul wazazi wanapiga hesabu zile zile.

Kwa Waganda na Wakenya, siku hizi ni wageni kweli, wana fomu yao na ada yao. Katika darasa langu yupo Mkenya mmoja. Tunamwita balozi.

Jana jioni nilimpigia mdogo wangu. Nilimsimulia yote haya, Mtaa wa Lumumba, Musoma, shule za kata, hadi salio likaanza kulia. Akasikiliza kimya, halafu akasema, "Sawa kaka, nimeelewa. Kwa hiyo nijaze nini?"

Nikamwambia uhandisi wa ujenzi namba moja, ualimu wa hesabu na fizikia namba mbili, na afanye bidii matokeo yake yawe ya kumpa ufadhili wa Samia, ule ulioanza 2022 kwa waliofaulu sana sayansi, ili suala la mkopo lisimhusu. Alinyamaza kidogo. Akauliza nani atamwambia baba. Baba mdogo akapokea simu, akasema tumwachie yeye, ataenda Jumamosi na kilo mbili za nyama.